Sifa ya Breki ya Chukudu

Chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma chenye magurudumu mawili, haijulikani ubora wake inapopanda, hujulikana inapoteremka. Kutoka Kibumba hadi Goma, mashariki mwa Kongo, ni kilometa zipatazo 27, kutoka kwenye baridi ya makabichi na viazi hadi mji ulio kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu. Magunia ya makaa yakishafungwa kamba, chombo hicho cha mbao kisicho na injini huteremka na kilo mia kadhaa, na kinachokizuia kisimwage mwenyewe mtaroni ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwenye chukudu hukikanyaga kwa mguu. Basi. Wengi wakikiona husema ni dhiki tu. Mimi nasema ni ufundi wa kupima, na mji uliomsimamishia mwenye chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu umesahau kumheshimu fundi wake.

Breki inayofaa mzigo mzito si ile yenye nguvu kuliko zote, bali ile inayokubali kukazwa na kulegezwa kidogo kidogo. Hesabu yenyewe inasema hivyo: mzigo ukiwa maradufu, kazi ya kuusimamisha huwa maradufu, mwendo ukiwa maradufu, kazi huwa mara nne. Anayengoja kasi ndipo akanyage amekwisha kuchelewa, na anayekanyaga kwa nguvu zote hulifunga gurudumu, nalo juu ya changarawe ya volkano halisimami, linateleza. Ndiyo maana uchaguzi wa mpira si jambo dogo. Kipande kinene cha tairi la lori hudumu, lakini ni kigumu kukunjika, na mguu haupati habari ya kinachotokea chini yake. Kile chembamba, cha ubavuni, hutii upesi, ila hupata moto na kulika. Nafasi kati ya mpira na gurudumu ikiwa pana, mguu hushuka mbali kabla ya kugusa. Ikiwa finyu, tope la mvua hujazana humo na chukudu hujifunga breki yenyewe. Hata kupakia ni sehemu ya breki, maana kwenye mteremko uzito hukimbilia mbele, na gurudumu la nyuma likiwa jepesi mpira hukamata bure.

Atatokea mtu aulize kwa nini isifungwe breki ya baiskeli. Breki hiyo hubana rimu ya chuma, na gurudumu la mbao halina rimu. Waya wake ukikatika katikati ya safari, nani atauunga? Kipande cha tairi hupatikana popote, na hubadilishwa kwa misumari na jiwe. Wala kupima breki kwa mwili si jambo la maskini peke yao. Mwaka 1952 kampuni ya Abu ya Sweden ilitoa roli ya kuvulia samaki, yaani kigurudumu cha kukunjia uzi wa ndoana, iitwayo Ambassadeur 5000, yenye vijibreki vinavyosukumwa nje na mzunguko wenyewe. Hata hivyo mvuvi anayerusha chambo kizito bado hukilaza kidole gumba juu ya uzi, kwa sababu mwili huhisi mapema kuliko chuma. Pingamizi lenye uzito ni lingine: watu huumia. Ni kweli, na sitaki kuipamba dhiki. Hakuna anayeteremsha kilo mia nne kwa mapenzi ya utamaduni. Ila wengi hulaumu kifaa pale ambapo mzigo ulizidi au mpira ulikwisha kulika.

Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoukata mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002, na iliposhuka tena tarehe 22 Mei 2021, chukudu ziliendelea kubeba bila kudai mafuta. Leo pikipiki za magurudumu matatu zinachukua kazi hiyo, na hilo silililii. Ninacholilia ni kwamba tunanunua breki dukani bila kuuliza inavyofanya kazi, na tunaikumbuka siku ikikataa. Shule za ufundi za Goma zitume wanafunzi wakakae na mafundi wa chukudu, wakiwa na rula na daftari: wapime unene wa mpira, nafasi yake na gurudumu, na mzigo unaoufaa, wakati wazee wanaoyajua hayo wangali wanachonga.