Mkono na Jicho: Juu ya Ushindani wa Sinema na Michezo ya Video

Matajiri wawili wakishindana, watu huhesabu fedha zao. Ni desturi ya zamani, wala si mbaya sokoni. Lakini mhakiki aendaye kutazama sanaa akarudi na hesabu ya fedha tu amefanya kazi ya karani. Katika miaka hii makampuni ya michezo ya video yamefikia kimo cha makampuni makubwa ya sinema, na katika baadhi ya mambo yameyapita. Mengi yaliyoandikwa juu ya jambo hilo ni hesabu. Nia ya insha hii ni kuuliza swali jingine: mchezo una kitu gani ambacho sinema haina, na je, kitu hicho kinatunzwa au kinauzwa katika ushindani huu?

Hesabu yenyewe haina haja ya kubishaniwa. Tuitaje mara moja, kisha tuiache. Mwaka 2019 kampuni ya Disney ilinunua sehemu kubwa ya mali ya 21st Century Fox kwa kiasi cha dola bilioni 71. Mwaka 2023 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard, kampuni ya michezo, kwa bei iliyotangazwa kuwa dola bilioni 68.7. Basi nyumba ya picha na nyumba ya vitufe zilipopelekwa mnadani, bei zake zilikaribiana. Sinema ya Avatar, iliyotoka mwaka 2009, ilipata dola bilioni moja kwa siku 17, na watu wakastaajabu. Mchezo wa Grand Theft Auto V, uliotoka Septemba 2013, ulipata kiasi hicho kwa siku tatu. Tena Januari 2019 Netflix iliwaandikia wenye hisa wake kwamba inashindana na mchezo wa Fortnite, na kushindwa nao, kuliko inavyoshindana na HBO. Atakaye kujua nani ana fedha amekwisha kujua. Sasa na tutazame sanaa.

Historia imetuletea mashahidi wawili, kila mmoja kutoka upande wake. Wa kwanza atoka upande wa sinema. Warner Communications, kampuni iliyokuwa na nyumba kubwa ya sinema, iliinunua Atari mwaka 1976. Mwaka 1982 sinema ya E.T. ya Steven Spielberg ilipopendwa duniani, Atari ililipa mamilioni ya dola kupata haki ya jina hilo, na fundi mmoja, Howard Scott Warshaw, akapewa kiasi cha majuma matano kuutengeneza mchezo wake ili uwahi Krismasi. Wakubwa walidhani kwamba jina latosha, na kwamba mchezo utalifuata jina kama kivuli kimfuatavyo mtu. Mchezaji alinunua jina. Alipoingia mchezoni alijikuta anatumbukia shimoni, anapanda, anatumbukia tena, asijue kosa lake ni lipi. Shehena ya kaseti za Atari zisizouzika ilifukiwa katika jaa la Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, na baadhi yake ikafukuliwa mwaka 2014. Mwaka 1984 Warner iliuza sehemu ya Atari iliyotengeneza mashine za nyumbani.

Shahidi wa pili atoka upande wa michezo. Kampuni ya Square ya Japani ilikuwa na sifa kubwa kwa michezo yake ya Final Fantasy. Mwaka 2001 ilitoa sinema yenye jina hilo, iliyoongozwa na Hironobu Sakaguchi na kuchorwa yote kwa kompyuta. Ilitumia zaidi ya dola milioni 130, na duniani kote ikaingiza kiasi cha milioni 85. Nywele za binti mkuu wa hadithi zilichorwa kwa uangalifu wa ajabu, na ngozi yake pia. Lakini mpenzi wa michezo ile alikuwa amezoea kuwaongoza mashujaa wake kwa makumi ya saa, kuwachagulia silaha, kuwapoteza na kuwapata. Sasa aliombwa akae kimya kwa muda usiofika saa mbili na kutazama nywele. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Warner iliutaka mchezo uwe kivuli cha sinema; Square iliutaka uwe sinema yenyewe; na wote wawili walilipa kwa kosa moja.

Kisa cha tatu ni kirefu zaidi, na ndicho chenye mafunzo mengi. Nintendo ni kampuni ya Kyoto iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mwaka 1981 ilitoa mchezo wa Donkey Kong, uliobuniwa na Shigeru Miyamoto: sokwe amemwiba binti na kupanda naye juu ya jengo la vyuma, na seremala mdogo anamfuata huku akiruka mapipa anayotupiwa. Mwaka 1982 Universal iliishtaki Nintendo, ikidai kwamba sokwe huyo ni King Kong aliyebadilishwa jina. Coleco, iliyokuwa na ruhusa ya kuutengeneza mchezo huo kwa matumizi ya nyumbani, iliogopa ikakubali kulipa. Nintendo haikukubali. Wakili wake, John Kirby, alikuwa na hoja kali: miaka michache nyuma Universal yenyewe ilikwenda mahakamani kupambana na RKO, ikadai kwamba hadithi ya King Kong imekwisha kuwa mali ya watu wote. Desemba 1983 Jaji Robert Sweet wa New York aliipa Nintendo haki, na mwaka 1984 mahakama ya rufani ikakubaliana naye.

Watu hukikumbuka kisa hicho kwa sababu hupendeza kuona mwenye nguvu akinaswa na ulimi wake. Mhakiki ana jambo jingine la kukumbuka. Mahakama ililinganisha viumbe wawili hao ikaona kwamba yule wa sinema ni wa kutisha na huyu wa mchezo ni wa kuchekesha. Ni kweli, lakini iko tofauti kubwa kuliko hiyo. Katika sinema ya mwaka 1933 mtazamaji humwonea huruma sokwe anapoanguka kutoka juu ya jengo. Katika mchezo hapana nafasi ya huruma, maana pipa linakuja. Jicho lina wakati wa kulia. Mkono una kazi. Hadithi ni moja: sokwe, binti, mtu na jengo. Lakini palipo na sinema, hadithi ndiyo nyumba; palipo na mchezo, hadithi ni mlango tu.

Ili jambo hili lisibaki neno tupu, tuchukue mfano mmoja na kuusoma kama tusomavyo ubeti. Seremala yule alipewa jina la Mario, akawa fundi bomba, na mwaka 1985 akapata mchezo wake, Super Mario Bros. Unapoanza, Mario yuko upande wa kushoto na mbele yake pana nafasi tupu; bila kuambiwa, mchezaji anajua kwamba njia iko kulia. Akienda, anaona tofali linalometameta lenye alama ya kuuliza, na kiumbe mwenye uso wa hasira akija upande wake. Asiporuka, hufa, lakini hurudi mwanzo kwa nukta chache, hasara yake ndogo, elimu yake kubwa. Akiruka, huenda akaligonga tofali na kupata sarafu. Tofali jingine hutoa uyoga. Mchezaji aliyekwisha kuuawa na kiumbe wa umbo kama hilo ana haki ya kuogopa. Walakini uyoga unakwenda kulia, unaanguka chini, unagonga bomba, unamrudia, na matofali yaliyo juu ya kichwa chake yanamzuia kuukwepa. Unamgusa, naye, badala ya kufa, anakua.

Hapo mtu amefundishwa njia, hatari, malipo na mshangao, bila neno hata moja. Mwalimu hakusema; aliweka vitu mahali pake akaacha mkono ujifunze. Nani atasema hii si sanaa? Ni sanaa ya kupanga, kama ya mjenzi apangaye milango ili mgeni asipotee. Lakini ukimwomba mtu akusimulie hadithi ya ukurasa huo, atasema: mtu alitembea, akaruka, akala uyoga. Hadithi ni haba, na sanaa ni tele.

Ndiyo maana sinema ya mwaka 1993 iliyotokana na mchezo huo ilianguka. Bob Hoskins na John Leguizamo walikuwa waigizaji hodari, na Dennis Hopper hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Lakini watengenezaji walipofungua sanduku kutafuta hadithi walikuta uyoga na mabomba, wakajaza nafasi kwa mji wa giza na mijusi. Haikurudisha gharama zake. Nintendo ilijifunza, ikakaa miaka mingi bila kuwapa watu wa sinema jina hilo. Ilipolitoa tena, mwaka 2023, Miyamoto mwenyewe aliketi kama mtayarishaji pamoja na Chris Meledandri wa Illumination, na The Super Mario Bros. Movie ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Nyumba iliyoisambaza ni Universal. Ndani yake yumo Donkey Kong. Sokwe aliyeshtakiwa na mwenye nyumba mwaka 1982 amerudi nyumbani humo kama mgeni wa heshima, na Desemba 2024 alifunguliwa kiwanja chake katika bustani ya Universal huko Osaka.

Je, sinema hiyo ni njema? Rangi zake zapendeza, muziki wa Koji Kondo umeheshimiwa, na kila kitu kiko mahali ambapo mpenzi wa mchezo angekitazamia. Lakini liko pambo moja linaloifichua. Binti mfalme anampeleka Mario katika njia ya mazoezi. Mario anaanguka, anarudia, anaanguka tena, na mambo hayo yote yanakwisha kwa muda wa wimbo mmoja. Watengenezaji walijua kwamba kushindwa na kurudia ndio moyo wa mchezo, na wakaonyesha hivyo. Lakini aliyeshindwa ni Mario. Mtazamaji hakushindwa kitu. Kushindwa kumekuwa picha ya kushindwa. Tunaiona sahani, tunaona mvuke, na hatuli.

Yuko atakayepinga kwa kuutaja mchezo wa The Last of Us, uliotolewa na Naughty Dog mwaka 2013 na kufanywa tamthilia na HBO mwaka 2023, ikasifiwa sana. Hoja yake ina uzito, kwa kuwa mchezo huo una hadithi ya kweli: mtu aliyefiwa na binti yake anapewa kazi ya kumsindikiza binti wa watu, na mwishoni analazimika kuchagua kati ya msichana huyo na dawa ambayo huenda ingewafaa wanadamu wote. Tamthilia iliihamisha hadithi hiyo kwa uaminifu. Lakini turudi katika chumba cha upasuaji. Katika tamthilia, Joel anamwua daktari, nasi tunamhukumu. Katika mchezo, daktari amesimama na kisu chake, na hapana kitakachoendelea mpaka mchezaji amwue kwa vitufe vyake mwenyewe. Wako waliosimama hapo muda mrefu wakitafuta njia nyingine, wasiipate. Mtazamaji anatoka na swali juu ya Joel. Mchezaji anatoka na swali juu ya nafsi yake. Basi hata pale hadithi ilipovuka salama, kuna kilichobaki ng'ambo.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kusafiri mbali kulielewa jambo hili. Kitendawili hakianzi mpaka msikilizaji aitikie, na akishindwa kukitegua hutoa mji. Huwezi kukisikiliza kitendawili kama usikilizavyo hotuba. Ukikaa kimya, kimekufa. Bao nalo halina shujaa wala kisa, na hata hivyo wazee huliinamia tangu alasiri hadi magharibi. Tungemcheka mtu ambaye, kwa kutaka kulitukuza bao, angelitungia hadithi ya kete. Heshima ya bao imo katika kucheza.

Katika ushindani huu jambo la hatari ni hili: kampuni ya michezo ikianza kujiona ghala la majina ya kuuzia sinema na bustani, itathamini jina la zamani kuliko ubunifu mpya. Dalili zimeonekana. Januari 2024 Microsoft iliachisha kazi watu 1,900 katika sehemu yake ya michezo. Mei mwaka huo ilitangaza kuifunga Tango Gameworks ya Tokyo, ambayo mwaka mmoja tu nyuma ilikuwa imetoa Hi-Fi Rush, mchezo ambamo kila pigo halina budi kulingana na mdundo wa muziki. Hapo palikuwa na kitu ambacho sinema haiwezi kukifanya kamwe, maana mtazamaji hana mkono ndani ya wimbo. Na hicho ndicho kilichoonekana hakina nafasi. Krafton ya Korea ikaiokoa karakana hiyo baadaye. Waigizaji nao, waliogoma dhidi ya wakubwa wa sinema mwaka 2023, waligoma dhidi ya wakubwa wa michezo Julai 2024, wakiogopa sauti na miili yao kuigwa na akili bandia. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na aliyerithi kiti cha jitu hurithi na tabia zake asipojihadhari.

Basi hukumu yangu ni hii. Makampuni ya michezo yamekwisha kushinda katika mizani ya fedha, na ushindi huo hautuambii lolote juu ya sanaa yao. Yakitaka taji la sinema yatalipata, maana fedha wanazo. Lakini litawakaa kama kofia ya mtu mwingine. Kazi ya mhakiki ni kuacha kuusifu mchezo kwa kusema kwamba unafanana na sinema, sifa ambayo kwa kweli ni tusi la adabu. Auulize kila mchezo: umeutendesha mkono nini, na mkono umejua nini ambacho jicho lisingejua? Usio na jibu, hata ukiwa na dola bilioni, ni sinema iliyochelewa kufika. Wenye jibu, hata ukiwa wa mtu na uyoga, una haki ya kukaa mahali pake bila kumwomba mtu ruhusa.