Tenga la Surabaya: Jinsi Taka za Jikoni Zilivyopunguziwa Nyumbani

Mwaka wa 2001 wakazi wa Keputih, mashariki ya mji wa Surabaya katika kisiwa cha Java, baada ya kuuvumilia kwa miaka mingi uvundo wa jaa kuu la mji lililokuwa jirani yao, waliteta hata jaa likafungwa. Na taka za mji ule wenye watu zaidi ya milioni mbili, kwa kukosa pa kwenda, zikarundikana kando ya njia. Benowo, upande wa magharibi, lilikuwako jaa jingine, na huko ndiko malori yalikoelekezwa. Walakini kuhamisha taka kutoka mashariki kwenda magharibi si kuzipunguza. Hata hivyo taka zilizokuwa zikipelekwa jaani kila siku, ambazo mwaka wa 2005 zilikuwa kiasi cha tani 1,500, zilipungua kwa zaidi ya asilimia 20 katika muda wa miaka minne hivi, wala hapakujengwa kwa ajili hiyo tanuri la kuchomea taka. Nataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyotendeka, kwa kuwa naamini ya kwamba asili yake ni mahali palipochaguliwa pa kuanzia kazi, yaani jikoni, kabla taka mbichi hazijakutana na kavu.

Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani Surabaya ni maganda, mashina ya mboga, makombo ya wali na vitu vya namna hiyo, na hivyo ndivyo vinavyouletea mzigo wote maji, uvundo na nzi. Katika mtaa wa Rungkut Lor, jumuiya iitwayo Pusdakota, ya Chuo Kikuu cha Surabaya, ilikuwa ikikusanya taka za majirani na kuzigeuza mboji, lakini lundo lilihitaji miezi mpaka liive. Mwaka wa 2004, kwa ushirikiano na mji wa Kitakyushu wa Japani, akaja mtaalamu Koji Takakura kufanya kazi pamoja nao. Lililo bora kwangu katika habari yake ni kwamba hakutegemea vijidudu vya kuagizwa kutoka ng'ambo. Alivitazama vyakula vya watu wa Java vinavyochachushwa, kama tempe, ambayo ni soya iliyoshikamanishwa na ukungu mweupe, na tape, ambayo ni muhogo au wali ulioachwa na chachu yake hata ukawa mtamu, akaona ya kuwa askari aliokuwa akiwatafuta wamo sokoni, wamezoea joto la nchi ile, na bei yao ni ndogo. Msomaji wa pwani aliyekulia katika nyumba inayolaza unga wa vitumbua usiku kucha anaijua kazi hii, ijapokuwa hakupata kuipa jina la elimu.

Huandaliwa maji ya namna mbili. Ya kwanza ni maji yaliyotiwa sukari guru, kisha yakatiwa tempe, tape, au maziwa yaliyogandishwa. Ya pili ni maji ya chumvi yaliyotiwa maganda ya matunda na majani ya mboga. Vyombo vyote viwili huachwa siku chache. Utamu wa maji ya kwanza huwalisha na kuwazidisha vijidudu vya kuchachusha. Chumvi ya maji ya pili huwazuia wengi wa wale waozeshao, huku ikiwaacha wale wanaokaa juu ya ngozi za mboga na kuistahimili. Kisha maji yote mawili humiminwa juu ya kumvi za mpunga zilizochanganywa na wishwa, ambazo kumvi zake huacha nafasi za hewa na wishwa wake ni chakula, yakakorogwa na kufunikwa kwa gunia au kitambaa. Na baada ya siku tatu mpaka tano, ukifunua, huona mchanganyiko umeota utando mweupe, na ukitia mkono husikia moto. Hiyo ndiyo mbegu.

Tenga lenyewe ni tenga la plastiki lenye matundu, la kutilia nguo za kufuliwa, lipatikanalo katika duka lolote, nalo hutandikwa kadibodi ndani ili wadudu wasipite na unyevu usikimbie. Chini huwekwa mto mdogo uliojazwa kumvi, juu yake mbegu, juu ya mbegu mto wa pili, na mwisho kitambaa na kifuniko. Hewa basi huingia kwa kila upande. Hapa ndipo palipo hikima ya chombo: taka za jikoni hunuka hasa kwa kukosa pumzi, kwa kuwa vijidudu vinavyofanya kazi penye hewa hutoa mvuke na joto, na vile vifanyavyo kazi pasipo hewa ndivyo vitoavyo uvundo, kwa hiyo tenga linalovuta pumzi huweza kukaa jikoni, hatua mbili kutoka mezani, na mama wa nyumba hana sababu ya kulitoa nje akalisahau. Kila siku hutiwa kiasi cha kilo moja au moja na nusu ya taka, zimekatwakatwa, zikachanganywa vizuri na mbegu. Katika wiki moja au mbili maganda hayatambulikani tena.

Kipimo cha unyevu ni kiganja. Ukiufumbata mchanganyiko ukashikamana bila kudondosha maji, ni sawa. Ukinuka ukali wa kupanda puani, umelowa mno na wahitaji kumvi. Ukiwa mkavu, kazi imesimama, nyunyiza maji.

Lakini tenga pasipo mtu wa kulijulia hali lingekuwa la nguo tu, na naona sehemu hii ya habari hupitwa upesi mno na wanaoisimulia. Serikali ya mji iligawa matenga zaidi ya 10,000 bila ya malipo, na pamoja nayo ikawatia kazini makada wa mazingira, ambao hatimaye walizidi 20,000, wengi wao wanawake wa umoja wa akina mama ujulikanao kwa herufi PKK, kila mmoja akiangalia nyumba chache za majirani zake, akipita, akifunua, akitia mkono, akieleza kosa lilipo. Tangu 2005 mitaa ilishindanishwa kwa usafi na kijani. Kitakyushu nao walikuwa na sababu ya kuwaamini wanawake, maana katika miaka ya 1950 na 1960, moshi wa viwanda ulipoufunika mji huo, akina mama wa Tobata, mojawapo ya sehemu zake, ndio waliotangulia kuyachunguza masizi na kudai mbingu safi.

Baada ya taka mbichi kutengwa, zile kavu zilipata thamani, na hili ndilo tokeo ninalolistaajabia kuliko yote. Karatasi iliyolowa mchuzi haina mnunuzi; karatasi kavu inapimwa kwa mizani. Kwa hiyo benki za taka, ambazo ya kwanza ya Indonesia ilianzishwa Bantul mwaka wa 2008, zilipofika Surabaya zilikuta nyumba zilizokwisha zoea kutenga: mtu huleta chupa na maboksi, hupimiwa, huandikiwa katika daftari lake, na fedha hukaa akiba. Mwaka wa 2018 basi za mji zilianza kupokea nauli ya chupa kubwa tatu za plastiki, au za kadiri tano, au vikombe kumi.

Si kila kitu kilichopata dawa. Nepi na mifuko myepesi zingali zikienda Benowo, ambako mwaka wa 2021 ulifunguliwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa taka, nao pia hulemewa na taka zilizolowa maji.

Katika Rungkut Lor, tenga likijaa, sehemu kubwa ya mboji hutolewa ikae kivulini wiki mbili hivi iive sawasawa, kisha iingie katika vyungu vya maua na pilipili vichochoroni. Iliyobaki haitolewi. Hiyo huachwa chini ya tenga iwe mbegu ya mzunguko ufuatao, na kada akija na mfuko, hukatiwa sehemu yake aipeleke katika nyumba ambayo haijaanza.