Haki ya Kusema: Ushairi wa Kutamkwa katika Mafunzo ya Ustawi wa Jamii

Wanaopendekeza ushairi wa kutamkwa utumike katika kuwafunza vijana wa ustawi wa jamii aghalabu hutoa hoja moja: kwamba shairi hufikisha ujumbe upesi na kwa mvuto. Hoja hiyo haitoshi. Makala hii inadai kwamba thamani ya ushairi huo imo katika kumzoeza kijana kusikiliza na kujibiwa, na kwamba fasihi simulizi ya Kisumu na mwambao wa Ziwa Victoria imekwisha kuonyesha njia.

Mfano ulio karibu ni jaboya, yaani desturi ya mchuuzi wa samaki, aghalabu mwanamke asiye na mtumbwi, kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili asikose samaki wa kuuza. Mchango wa desturi hiyo katika kueneza virusi vya UKIMWI umejulikana kwa muda mrefu. Kijana akitakiwa kutunga juu ya jambo hili kabla ya kufika ufukoni, yamkini atatunga karipio. Fani itageuka gunia la kubebea maudhui. Mwanamke atakuwa kielelezo cha uovu, na uhaba wa samaki, ukosefu wa mtaji na nguvu za mwenye mtumbwi havitatajwa. Shairi hilo ni dhaifu kwa sababu ile ile inayomfanya mtungaji wake awe mtumishi dhaifu: limejibu kabla ya kuuliza.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulitambua. Kijana mwenye huruma huacha karipio akavaa nafsi ya kwanza, akasema "mimi mjane", "mimi mchuuzi". Je, anayo haki hiyo? Okot p'Bitek, aliyefanya kazi Kisumu na kuandaa tamasha la sanaa mjini humo mwaka 1968, alikuwa mwanamume aliyesema kwa sauti ya mwanamke katika Song of Lawino (1966). Kazi hiyo haikusimama kwa huruma peke yake. Lawino analijua jiko lake na ngoma za kwao. Ana wivu na chuki zake pia, wala hakufanywa malaika. Isitoshe, mumewe alipewa nafasi ya kumjibu katika Song of Ocol (1970). Hata hivyo, Lawino ni mhusika wa kubuni. Mjane wa Dunga ana majirani.

Hapa ndipo pakruok ya Wajaluo inapofaa kutazamwa. Mpiga nyatiti anapotumbuiza, msikilizaji huweza kumsimamisha, akatoa fedha, kisha akajisifu au akamsifu rafiki yake kwa tamathali alizozichagua. Mwingine naye hutoa fedha akasema yake. Kanuni mbili zimefumbatwa humo: asemaye hujulikana na hugharimika, na aliyesikia ana nafasi ya kusema pia. Kanuni ya pili si ngeni kwa ushairi wa Kiswahili, kwani Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu katika karne ya 19.

Mafunzo yakifuata kanuni hizo, kijana atasema kwa jina lake mwenyewe: alichokisikia, alichoshindwa kukielewa, alichoogopa kukiuliza. Kisha atamrudishia mwenye habari shairi lake, kwa Kijaluo ikiwa habari yenyewe ilisimuliwa kwa Kijaluo, naye atakuwa na ruhusa ya kusahihisha, kuongeza au kukataa. Mstari uliokataliwa na mchuuzi humfunza kijana jambo ambalo makofi ya darasani hayawezi kumfunza.

Lakini hapana budi kukiri kwamba ushairi wa kutamkwa hutaka hadhira, ilhali kazi ya ustawi wa jamii hutaka siri. Kubadili jina hakutoshi katika kijiji ambako idadi ya watoto, rangi ya mtumbwi au siku ya matanga humtambulisha mtu. Kwa hiyo mashairi mengine yatamkwe mbele ya mwenyewe tu, na mengine yasitamkwe kabisa.

Kwa muhtasari, shairi katika mafunzo haya lisipimwe kwa ujumbe wake wala kwa mvuto wake jukwaani. Lipimwe kwa swali moja: je, aliyesemewa amepata nafasi ya kusema?