Jina la Marehemu kwenye Sarafu za Makabaila

Mfalme Charles le Chauve wa Ufaransa alifariki mwaka 877. Huko Poitou, hata hivyo, sarafu za CARLVS REX ziliendelea kupigwa kwa karibu miaka mia tatu baada yake, upande wa pili zikiwa na neno METALO, yaani Melle, mji uliokuwa na machimbo ya fedha. Waliozipiga ni makabaila wa jimbo hilo. Wangeweza kuweka majina yao, kama alivyokuja kufanya Richard Coeur de Lion kwa RICARDVS REX, lakini chapa ya marehemu ilishazoeleka sokoni. Kubadili sura ya sarafu ni kuwaalika wafanyabiashara waipime upya, na kabaila aliyekuwa anapunguza fedha na kuongeza shaba hakutaka wageni wa namna hiyo.

Punguzo lenyewe lilikuwa kubwa. Denier, yaani sarafu ndogo ya fedha, ya enzi za Charlemagne ilikuwa na gramu 1.7 hivi za fedha karibu tupu; kufikia karne ya 12 nyingi zilishuka hadi gramu 1 hivi, fedha ikiwa chini ya nusu. Mafundi walijua kuificha shaba: vipande vilipashwa moto, kisha vikachovywa kwenye maji makali yaliyokula shaba ya juu tu, sarafu ikatoka nyeupe. Ndipo ikawekwa juu ya chapa ya chini iliyochomekwa kwenye gogo, chapa ya juu ikashikwa kwa mkono, nyundo ikashuka.

Chapa zilichakaa, zikachongwa nyingine kwa kuiga zilizochakaa. Matokeo yake yanaonekana Chartres: uso wa mtu ulionakiliwa kizazi hadi kizazi ukabaki mistari na nukta, usiotambulika kabisa. Kwangu hiyo ndiyo sarafu tamu kuliko zote za kundi hili, ingawa wapenda urembo huiruka.

Kwa mkusanyaji, basi, jina lililoandikwa si ushahidi wa tarehe. Atazame uzito, rangi ya madini na umbo la herufi, halafu alinganishe na vitabu vitatu vya mtaalamu wa sarafu Poey d'Avant, orodha ya sarafu za makabaila wa Ufaransa ya 1858 hadi 1862, ambavyo namba zake bado zinatajwa na wauzaji. Na ukiipata yako, usiisugue wala kuitia dawa ya kung'arisha: ile ngozi nyeupe ni nyembamba mno, ikiondoka utabaki na shaba.