Spekulamu isiyoumiza: bapa la tatu, mpini uliolazwa na dakika moja ya siki

Kipimo cha siki cha saratani ya mlango wa kizazi kina dakika moja ngumu. Muuguzi akishapaka siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, husubiri angalau dakika hiyo aone kama pana sehemu inayogeuka nyeupe, dalili kwamba seli zake zimeanza kubadilika. Muda wote huo spekulamu, chombo cha kutenganisha kuta za uke ili mlango wa kizazi uonekane, iko ndani, imefunguliwa na kukazwa kwa skrubu. Wanaozungumzia maumivu ya kipimo hiki wengi hutaja kuingizwa kwa chombo. Mimi naanza na kule kusubiri, maana ndiko umbo la chombo linakojulikana kama ni zuri au baya.

Kwa mwanamke wa Mahurunga, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, kati ya mabonde ya mpunga na mikoko, jambo hili si dogo. Akikutwa na tatizo linalohitaji daktari bingwa, safari ni ya Mtwara mjini, hospitali ya Ligula, au mbali zaidi. Akiumizwa mara ya kwanza harudi, na wenzake wa shambani watajua kwa nini. Kwa makadirio ya mwaka 2020, saratani ya mlango wa kizazi iliwapata wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania na kuua zaidi ya 6,000, ilhali ni ugonjwa unaochukua miaka mingi kukomaa na unaozuilika ukionekana mapema.

Chombo chenyewe hakikubuniwa kwa kuwasikiliza wanawake. Miaka ya 1840 huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alikunja kijiko ili apate kuona fistula za wanawake watumwa. Majina ya watatu tunayo: Anarcha, Betsey na Lucy, waliopasuliwa tena na tena bila ganzi. Baadaye, katika karne hiyohiyo, Cusco wa Paris akatoa spekulamu ya mabapa mawili yenye bawaba, mfano wa mdomo wa bata, na hiyo ndiyo tunayoikuta kwenye trei hadi leo. Ilimpa daktari nafuu kubwa, kwa sababu hujishikilia yenyewe na mkono wake ukabaki huru. Aliyelala kitandani hakuulizwa.

Itazame inavyofanya kazi. Mabapa yanafunguka juu na chini tu. Pembeni hakuna kinachozuia, kwa hiyo kuta za uke huangukia katikati na kumziba muuguzi macho, hasa kwa mama aliyezaa mara nyingi. Asipoona, anafungua zaidi au anachukua saizi kubwa. Hapo maumivu huongezeka, na mzigo unaelemea upande wa juu, karibu na njia ya mkojo, sehemu isiyovumilia kabisa kukandamizwa. Wauguzi wazoefu wana dawa yake: huvisha mabapa kondomu iliyokatwa ncha, au kidole cha glovu. Mabapa yakifunguka, mpira unakazika na kuzizuia kuta za pembeni. Nauheshimu sana ufundi huu. Unatibu kasoro yenyewe ya chombo kwa kitu ambacho hakikosekani kituoni.

Mwaka 2017 wabunifu wanawake wa kampuni ya Frog, San Francisco, walifika palepale kwa njia nyingine. Chombo chao cha majaribio, Yona, kina mabapa matatu, hivyo kuta hushikiliwa bila kupanuliwa kupita kiasi. Walikifunika kwa silikoni ili ubaridi wa chuma usimguse mwanamke, wakaondoa mlio wa skrubu, na wakaulaza mpini kutoka digrii 90 hadi 105.

Digrii hizo 15 ndizo ningezipigania kwa ajili ya vituo vya vijijini. Kituo kidogo mara nyingi kina kitanda cha kawaida, hakina vyuma vya kuegeshea miguu, na watu huona huo ni upungufu. Lakini utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake 197 na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waliochunguzwa bila vyuma hivyo walipata usumbufu mdogo zaidi, na hawakujihisi wanyonge kama wenzao. Kitanda cha kawaida, basi, kina faida yake. Shida ni kwamba juu ya kitanda hicho mpini wa digrii 90 hugota godoro kabla chombo hakijakaa sawa, na muuguzi analazimika kukiinua, yaani kukandamiza ule upande wa juu usiovumilia. Mpini uliolazwa unaondoa tatizo hilo. Usipokuwepo, doti la kanga lililokunjwa na kuwekwa chini ya nyonga huinua mwili na kuupa mpini nafasi.

Ubunifu wowote unaokuja kijijini lazima uvumilie klorini na mvuke wa digrii 121. Chuma kisichoshika kutu kinavumilia, na ubaridi wake huisha kikichovywa kwenye maji ya uvuguvugu. Silikoni pia inastahimili mvuke, ila pale inapoungana na chuma panataka kuangaliwa sana, kwa kuwa uchafu hupenda kujificha kwenye maungio. Plastiki ya kutumia mara moja huruhusu kuona kuta kupitia kwenye bapa lenyewe, lakini inategemea shehena mpya kila mara, na taka zake lazima ziteketezwe.

Kuna badiliko lisilogharimu hata senti: kumwachia mwanamke aingize chombo mwenyewe huku akielekezwa. Watafiti wa Australia walilijaribu, wakachapisha matokeo mwaka 2005, na wengi wa walioshiriki walisema wangechagua njia hiyo tena. Pwani ya Mtwara, ambako wasichana hufundwa unyagoni na wanawake waliowatangulia, mama kuelekezwa na mama mwenzake kuhusu mwili wake si jambo geni.

Mercy Asiedu, mtafiti kutoka Ghana, alikwenda mbali zaidi akiwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke. Callascope yao haipanui kitu. Ni mrija mwembamba wenye kamera na taa, na ncha yake imekatwa mshazari ili ukizungushwa uusogeze mlango wa kizazi mbele ya kamera. Nao upimaji wa HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, ambao Shirika la Afya Duniani limeupendekeza tangu 2021 uwe kipimo cha kwanza, hauhitaji hata kamera: mwanamke hujichukulia sampuli kwa kijiti laini chenye pamba.

Spekulamu itabaki kwa atakayekutwa na virusi, kwa sababu matibabu ya mabadiliko ya awali hufanywa kwa kichwa cha chuma chenye joto la digrii 100 hivi, kinachogusishwa kwenye mlango wa kizazi kwa sekunde 20 hadi 30. Hapo bapa la tatu huvuka suala la starehe. Ukuta wa pembeni ukiangukia kwenye kichwa hicho, unaungua.