Karne Tupu na Wapagazi Wasiotajwa

Fumbo ni mali ya kale katika ushairi wetu: mmoja hufumba, mwengine hufumbua, na hadhira ndiyo hakimu. Haishangazi basi kuwaona vijana wetu wamenaswa na fumbo refu la Mjapani Eiichiro Oda katika One Piece, hadithi ya michoro iliyoanza kuchapishwa Julai 1997 na ambayo hadi leo haijatiwa kituo.

Katika ulimwengu wa hadithi hiyo imo miaka mia moja iliyofutwa katika tarikhi, nayo huitwa Karne Tupu. Ilimalizika miaka 800 kabla ya safari za haramia Luffy. Serikali ya Dunia imeharamisha kuichunguza, na wanazuoni wa kisiwa cha Ohara waliothubutu waliangamizwa pamoja na kisiwa chao. Kilichosalia ni mawe ya maandishi ambayo wawezao kuyasoma ni wachache mno, na herufi moja, D, iliyomo katika majina ya watu wasiojua maana yake.

Msomaji akiachiwa pengo hulijaza. Nadharia za wapenzi wa hadithi hii ni nyingi, na ubora wake haulingani. Waliodai kwamba visiwa vile ni mabaki ya nchi iliyozama waliegemea matini yenyewe, kwani mji wa Water 7 unazama kidogo kidogo na wakaazi wake hujenga juu ya nyumba za wazee wao. Mwaka 2024 Oda aliwaunga mkono, akimpa mtaalamu Vegapunk kutamka kwamba bahari ilipanda mita 200 katika karne hiyo. Wengine huzigeuza herufi mpaka ziseme watakalo, na hao wanafumba upya badala ya kufumbua.

Hata hivyo, nadharia zilizo bora nazo zina kasoro moja. Nyingi huuliza nani alikuwa mfalme, nani mrithi, na damu ya nani imo katika mishipa ya nani. Serikali ile iliasisiwa na wafalme 20, na msomaji atafutaye nasaba peke yake angali anaisoma tarikhi kwa macho yao. Oda amefungua mlango mwengine: mawe yale yalichongwa na ukoo wa Kozuki, mafundi wa kuchonga mawe. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni nani waliyoyabeba.

Nililiwaza jambo hili Kariakoo, kwenye benchi la kahawa katika Mtaa wa Msimbazi, ambako vijana watatu walikuwa wakibishana juu ya herufi D. Niliwauliza maana ya jina Kariakoo. "Mzee, hilo ni soko tu," akajibu mmoja.

Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa Septemba 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile kwa maradhi, njaa na uchovu. Katika Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mjini humo 1927, aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Wapagazi wametajwa chini, katika maandishi ambayo wapitao kwa haraka hawayasomi. Kila siku maelfu ya watu hulitamka jina la kikosi kile wakienda kununua vitenge na mchele, kama wale wa Oda wanaobeba herufi wasiyoijua.

Vijana wale wamekwisha kujifunza jambo kubwa, kwamba ukurasa mtupu huenda uliwahi kuandikwa. Hapo ndipo ninapoiheshimu hadithi hii. Nawaomba ustadi huo wauteremshe mtaani kwao. Karne Tupu ya Oda ina mtunzi, naye ataijaza apendapo. Hii ya Kariakoo haina mtunzi wa kumngojea.