Mpira wa Tenisi Ndani ya Bomba

Fundi alichukua mpira wa tenisi uliokwisha manyoya, akautia kwenye mdomo wa bomba, kisha akaliinua bomba upande mmoja. Mpira ukateremka kwa sauti ya kukwaruza, ukafika kwenye kona ya kwanza, ukanyamaza. Akalitikisa. Mpira haukutoka.

"Kijana," akasema, "umeuziwa inchi mbili na nusu kwa bei ya tatu."

Bomba hilo la ekzosi lilikuwa limenunuliwa asubuhi hiyo Kirinyaga Road, na kwenye ncha zake zote mbili lilikuwa kweli la inchi tatu, yaani milimita 76. Ukitoa unene wa kuta hubaki kama milimita 73 za njia, na mpira wa tenisi una takriban 67, kwa hiyo unapaswa kupita bila kuguna. Ila kona ya bomba lile ilipindwa kwa kubanwa tu na mashine, bila kitu cha kuishikilia kwa ndani, na ukuta ulikuwa umekunjamana kama shingo ya kobe. Akaleta bomba lake mwenyewe, lililopindwa huku limeshikiliwa kwa ndani na kiini cha chuma, akautia mpira uleule. Ukapita kona mbili na kutokea upande wa pili, ukadunda sakafuni na kupotelea chini ya benchi. Hakuongeza neno. Alikwenda kuutafuta mpira wake.

Nilikuwa nimekuja kwenye gereji hii ya Industrial Area, Nairobi, kwa shughuli ya saa moja. Nilikaa siku nzima, na kesho yake nikarudi.

Gari la kijana lilikuwa Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, ya buluu, likiwa juu ya stendi nne. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo magari ya rika hili hayaji tena. Yanayokuja ni vipuri vyake tu, vilivyofunguliwa kutoka magari ya Japani. Ndiyo maana vijana wanayatunza kama ng'ombe wa mahari. Na rangi ile ya buluu ina historia yake hapa: Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000, na kuna watu Nairobi ambao mpaka leo wakisikia injini ile ikipita huacha chai ipoe.

Kabla ya kufungua nati yoyote fundi aliomba gari liwashwe. Alisimama nyuma, mikono mifukoni, kichwa kimeinama kidogo, akasikiliza kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Kijana alikuwa na orodha ya vipuri kwenye simu yake, na juu kabisa aliandika manifoldi mpya ya kukusanya moshi wa silinda, ile yenye mikono ya urefu sawa. Fundi akaisoma orodha kwa utaratibu, kisha akauliza jambo moja: kwa nini alinunua Subaru na si gari lingine?

"Sauti yake, mzee."

Basi akamwelezea, kwa chaki juu ya sakafu. Injini hii ina silinda nne zilizolala, mbili kulia, mbili kushoto, na hupiga kwa mpangilio wa moja, tatu, mbili, nne. Ya kwanza na ya tatu ziko kulia, karibu na turbo. Ya pili na ya nne ziko kushoto, na moshi wake hulazimika kupita chini ya injini kuvuka upande wa pili. Mapigo mawili ya kulia huwahi, mawili ya kushoto huchelewa, kama wapiga ngoma wanne ambao wawili wao wamekaa mbali na uwanja. Kuchelewa huko ndiko kunakozaa ule mngurumo wa kudundadunda. Ukiweka mikono ya urefu sawa, mapigo yote yatafika kwa zamu sawasawa. Injini itapumua vizuri zaidi, na itasikika kama gari lolote jingine la silinda nne. Subaru wenyewe walifanya hivyo kwenye Legacy ya mwaka 2003, na mngurumo ukaenda zake.

Kijana akafuta mstari wa kwanza kwenye orodha. Kipuri cha kwanza kuchaguliwa siku ile kilikuwa kile ambacho hakikununuliwa, na fundi, ambaye angepata faida kukiuza, akafuta chaki kwa kiatu.

Daunpaipu ndiyo iliyomchukua muda. Hili ni bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, na kama kuna mahali pa kutumia pesa ni hapa. Turbo huzungushwa na tofauti ya msukumo kati ya upande moshi unakoingilia na upande unakotokea. Ukipunguza msongamano upande wa kutokea, feni inaanza kazi mapema. Alikuwa na daunpaipu tatu za kuchagua, akazipanga juu ya benchi kwenye gunia. Kwanza akapitisha sumaku, kipande kilichotolewa kwenye spika iliyokufa. Ya kwanza iliivuta sumaku kwa nguvu. Stenlesi ya daraja la 304, yenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, huikataa sumaku au huigusa kwa uvivu. Ile ya 409, yenye kromiamu kama 11 tu, huishika kama chuma cha kawaida. Sumaku kwa hiyo haimalizi kesi. Akageuza bomba, akatazama ndani ya kiungo, akakuta vumbi la rangi ya chungwa. Akaliweka pembeni.

Mbili zilizobaki zilitofautiana mdomoni. Turbo hii ina matundu mawili ya kutolea: moja la feni, na jingine dogo la westgeti, ule mlango unaofunguka kupunguza moshi ili msukumo usizidi. Daunpaipu moja ilikuwa na mdomo mpana kama tarumbeta uliomeza matundu yote mawili pamoja. Nyingine ilikuwa na kibomba cha pembeni cha westgeti peke yake, kinachoungana na bomba kubwa huko chini. Hii ya pili inapendeza machoni, na moshi wa westgeti hauvurugi ule unaotoka kwenye feni kwa kuzunguka. Lakini fundi aliingiza kidole mahali vibomba vinapokutana, akakizungusha, akanionyesha: weldi ilikuwa imemwagika kwa ndani ikaacha ukingo mkali, na njia ya westgeti ilikuwa nyembamba. Westgeti ikikosa pa kutolea, msukumo wa turbo hupanda wenyewe hata usipotaka. Akachagua tarumbeta. Halafu akalaza rula ya chuma juu ya flanji yake ya matundu matano, akaiinua kuelekea dirishani, akatafuta mwanga kati ya rula na chuma. Ulipita uzi mwembamba upande mmoja. Akabandika msasa juu ya kioo kinene, akaisugua flanji kwa mizunguko midogo mpaka mwanga ukafungika. Dakika arobaini, kwa uzi wa mwanga.

Katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, hakuiondoa kwenye bomba jipya. Daunpaipu ile ilikuja na masega ya bati jembamba yanayopitisha moshi kwa urahisi kuliko yale ya kauri, na kijana aliyetaka yaondolewe aliambiwa ajaribu kwanza kukaa kwenye foleni ya Thika Road na harufu ya petroli mbichi ndani ya gari. Ile katalisti ya zamani, ambayo ndani yake mna platini, paladi na rodi na ambayo katika gereji nyingi hupotea kimyakimya, aliifunga kwenye katoni akaiweka kwenye buti ya gari la kijana.

Sailensa ilichaguliwa kwa swali ambalo sikulitarajia. "Nani hukaa kiti cha nyuma?"

"Mama. Jumapili, kwenda kanisani."

Kulikuwa na sailensa fupi ya mdomo mkubwa, ya kung'aa, na nyingine ndefu yenye mikwaruzo, iliyotumika Japani, ikiwa bado na kibamba kidogo cha JASMA, chama cha watengenezaji wa sailensa za michezo wa huko. Zote mbili ni za kupitisha moshi moja kwa moja: bomba lenye vitundu katikati, limezungushiwa pamba ya kioo inayomeza sauti. Akazitikisa moja moja karibu na sikio. Fupi ikatoa mchakacho wa kitu kilichokatika. Ndefu ikanyamaza. Lakini hata ndefu haitoshi kwa mama, alieleza, kwa sababu injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hupiga mara 100 kwa sekunde, na pigo hilo la chini likikutana na sakafu ya gari hugeuka mvumo unaokaa ndani ya kichwa safari nzima. Dawa yake moja ni kibomba kilichozibwa mwisho, kinachochomoza ubavuni mwa bomba kuu. Kwa joto la moshi huku nyuma kingehitaji urefu wa kama mita moja na robo. Alipima chini ya gari kwa futi, akatikisa kichwa: nafasi hakuna. Akachagua kuongeza sailensa ndogo ya kati, na kutoka pale kwenda nyuma akashusha bomba kutoka milimita 76 hadi 63. Nguvu kidogo itapotea huko juu kabisa. Lakini bomba nene huning'inia chini, na barabara zetu zina matuta.

Mchana ndipo kukata kulipoanza. Alizungusha ukanda wa karatasi kwenye bomba mpaka ncha zake zikakutana sawia, akachora mstari kwa kalamu ya wino. Karatasi haidanganyi kuhusu unyoofu wa mkato. Akakata kwa grainda yenye diski nyembamba, nje kidogo ya mstari, akamalizia kwa tupa hadi wino ukaisha. Vipande viwili vilipokutana alivishika dhidi ya balbu. Palipopita mwanga palirudi kwenye tupa. Nilihesabu mara sita kwa kiungo kimoja, kisha nikaacha kuhesabu. Siku hizi kuna mtindo wa kujenga kona kwa vipande vyembamba kama vya keki, weldi juu ya weldi, na picha zake zinavutia kweli. Alipoulizwa alisema kila weldi ni mlango wa ufa, naye hapendi kujenga milango asiyoihitaji.

Akapangusa viungo kwa asetoni, akavishika kwa weldi nne ndogo, juu, chini, kulia, kushoto, akilipa kila pigo muda wa kupoa ili bomba lisivutwe upande. Kisha akaziba ncha za bomba kwa karatasi ya alumini na kulijaza gesi ya argoni kwa ndani. Hili wengi hulikwepa, maana gesi ni ghali na hakuna anayeona ndani ya bomba. Stenlesi ikichomelewa huku hewa inaigusa kwa nyuma huota vinundu vyeusi kama sukari iliyoungua, na vinundu hivyo husumbua moshi na kuanzisha nyufa.

Akanoa sindano ya tangsteni ya kuchomelea kwa urefu, si kwa mzunguko. Akateremsha kofia. Kilichofuata kilikuwa kimya kuliko nilivyotarajia: hakuna cheche, ni mvumo mdogo tu, nuru ya buluu, na mkono wa kushoto unaochovya waya na kuurudisha, unachovya na kuurudisha. Alichomelea robo ya mduara, akainuka, akaenda kuosha vikombe vya chai, akarudi, akafanya robo inayotazamana nayo. Kiungo kilipopoa kilikuwa na magamba yaliyolaliana kama ya samaki, ya rangi ya majani makavu inayoishia kwenye buluu. Kijivu kingekuwa na maana kwamba moto ulizidi. Mahali pamoja palikuwa na kijivu, urefu wa ukucha. Hakuna ambaye angepaona, maana pangetazama sakafu ya gari. Akapasaga, akarudia.

Sensa ya oksijeni aliiwekea kitako upande wa juu wa bomba, ili maji yanayojikusanya asubuhi yasiizamishe. Vining'inio vya mpira vilibaki na nafasi ya kucheza, kwa sababu mita moja ya stenlesi ikiongezewa joto nyuzi 500 hurefuka kwa karibu milimita 9, na ekzosi iliyofungwa kwa nguvu hujipasua yenyewe.

Gari lilipowashwa, mwanafunzi wa fundi aliziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa kilicholowa, naye fundi akapita kiungo hadi kiungo na povu la sabuni. Hakuna kiungo kilichovuja. Kitambaa kilipoachiwa, mngurumo ulitoka mzito, ukiwa na ule mchelewo wake, na kijana akacheka peke yake kama mtu aliyepigiwa simu na mpenzi. Alitaka kwenda kulijaribu. Fundi hakumpa ufunguo mpaka alipoahidi kutokanyaga mafuta hadi mwisho kabla kompyuta ya injini haijarekebishwa kwa ekzosi mpya. Njia ikifunguka hivi, westgeti ndogo ya turbo hii huweza kushindwa kuuzuia msukumo. Akamwambia pia arudi asubuhi.

Alirudi saa tatu, gari likiwa limepata moto na kupoa mara moja. Fundi akalala chini yake na spana, akagusa nati za flanji moja baada ya nyingine. Ya kwanza haikusogea, wala ya pili. Ya tatu ilikubali robo ya mzunguko. Akaendelea na ya nne.